Sauti Kavu ya Mzee Bura

Kama hujawahi kumwona Marieta akikasirika, mshukuru Mungu wako ukae kimya. Mwanamke yule, fundi cherehani wa Endagikot, hasira zake zilikuwa puani. Ukimpelekea kitambaa kifupi ukadai gauni refu, anakurushia kitambaa chako na futi yake juu. Lakini watu walimpelekea hivyo hivyo, wakatukanwa, wakashonewa, wakarudi tena, maana mshono wake haukuwa na mpinzani kuanzia Mbulu mjini mpaka kwao Nambis. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, hana mume, hana mtoto. Alichokuwa nacho ni mdogo wake, Mectilda, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Na mwaka ule wa 2013 Mectilda alikuwa anaolewa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Baba yao, Mzee Bura, ndiye aliyekuwa akisema slufay pale Nambis. Slufay ni dua yetu sisi Wairaqw. Mzee anatamka baraka mstari kwa mstari, na kila mstari ukiisha waliokaa wanaitikia kwa pamoja, mvumo mmoja mzito kutoka kifuani, ndipo naye anaendelea. Bila waitikiaji hakuna slufay, kuna mzee tu anayejisemea. Kwa miaka thelathini hakuna harusi, wala nyumba mpya, wala mkutano wa kupatanisha majirani uliokwisha pale bila Mzee Bura kusimama. Basi mwaka huo huo donda likamkamata kooni. Daktari wa Moshi hakumung'unya maneno: koo litakatwa, mzee atapona, ila sauti ndiyo basi tena. Kisu kilikuwa Machi. Harusi ilikuwa Juni.

Marieta akakata shauri. Sauti ya baba itarekodiwa kabla ya kisu, na Mectilda atabarikiwa na baba yake mwenyewe, hata ikibidi kwa spika. Hicho ndicho kitu pekee alichokitaka mwaka ule. Cherehani ingeungua, angesema iungue.

Studio ilikuwa moja ya maana pale Mbulu mjini, chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya shule, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya zamani. Mwenyewe alikuwa kijana aitwaye Vicent, mtu wa Kondoa, mpole, miwani, kofia usiku na mchana. Alikuwa akirekodi kwaya na wale vijana wa kufokafoka. Kiiraqw hakijui hata salamu.

"Mzee aingie peke yake," Vicent alisema siku ile. "Hawa wazee wengine wakae nje, watanichafulia sauti."

Wazee wengine walikuwa watatu, wamekuja na Mzee Bura kutoka Nambis, wamevaa makoti yao ya Jumapili na blanketi juu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Gidamis, jirani na rafiki wa Bura tangu wakichunga ndama. Mzee Bura, ambaye wakati ule sauti yake ilikuwa tayari inakwaruza, alimtazama Vicent kama mtu aliyeambiwa ale chakula kwa pua.

"Nitamwambia nani? Ukuta?" akauliza. "Hawa ndio wanaoitikia. Wasipoingia, mimi narudi nyumbani kunywa uji."

Vicent akakubali. Akaweka maiki moja mdomoni kwa Mzee Bura na nyingine katikati ya wale watatu. Kabla hawajaanza, Mzee Bura akamgeukia binti yake.

"Marieta, nenda ukatutafutie maandazi. Ya moto."

"Baba, si mkimaliza?"

"Nimesema nenda."

Akaenda huku akinung'unika. Maandazi ya moto saa tano ya asubuhi Mbulu mjini si kitu cha kuokota njiani, alizunguka mpaka miguu ikamuuma. Aliporudi wazee walikuwa wameshamaliza, wanafuta macho na kucheka kama vijana walioiba miwa. Hakuuliza. Akawapa maandazi yao, akawapakia kwenye gari la Nambis, kisha yeye akabaki nyuma kidogo na Vicent. Alichomwambia Vicent pale mlangoni tutakifikia. Mwenyewe alikisahau kabla hajafika Endagikot.

Vicent akasema kazi itakuwa tayari kabla ya harusi, na kweli aliitimiza. Flashi ililetwa Alhamisi, siku mbili kabla.

Jioni ile Marieta aliibeba mpaka Nambis na redio yake ya kuchomeka flashi. Mzee Bura alikuwa ameketi sebuleni, kitambaa cheupe shingoni kimefunika kile kitundu anachopumulia, daftari la shule na penseli mapajani. Ndivyo alivyokuwa akiongea sasa, kwa herufi kubwa za mtu aliyewahi kuwa karani wa ghala la pareto. Wale wazee watatu walikuwa wamekuja kusikiliza. Mectilda alikuwa jikoni na shangazi.

"Haya wazee," Marieta akasema, amejaa furaha mpaka masikioni. "Jisikieni wenyewe."

Akabonyeza.

Loo! Ilitoka sauti ya mtu aliye chini ya kisima. Neno la kwanza lilitamkwa, likaenda mbali, likagonga kitu, likarudi, likakutana na neno la pili njiani, yakavurugana. Mstari ukaisha. Pale ambapo wazee walipaswa kuitikia hapakuwa na mzee hata mmoja. Palikuwa na sauti ya Mzee Bura mwenyewe ikijirudia, ikijirudia, ikifa polepole kama ng'ombe aliyetumbukia korongoni. Kisha mstari wa pili, hivyo hivyo. Kisha wa tatu.

Mzee Bura akanyoosha mkono akaizima redio. Akashika penseli akaandika, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka: NANI HUYU? ANAONGEA PEKE YAKE SHIMONI.

Akaandika tena: AMEKOSA NINI HATA WATU WASIMWITIKIE?

Kama wewe si wa kwetu, pengine hujaelewa uzito wa swali hilo. Mtu anayesema slufay akanyamaziwa ni mtu ambaye watu wamemkataa. Waliokaa hapo wanamwambia baraka zako baki nazo. Kumfanyia hivyo Mzee Bura, mbele ya macho yake, baada ya kisu kuchukua sauti yake, ilikuwa kama kumzika na roho yake ikiwemo.

Mzee Gidamis akasimama. Akajifunga blanketi lake.

"Sisi tuliitikia," akasema. "Tuliacha mashamba yetu wakati wa kupanda, tukaja mjini, tukaitikia kila mstari. Tumetolewa kama makapi. Basi sawa. Jumamosi tutakuja kula pilau kama wageni wengine. Lakini kuitikia, msitutazame sisi."

"Mzee Gidamis, ni yule kijana wa studio!" Marieta akaruka. "Ni ujinga wake! Kesho namwendea, atanitambua!"

Gidamis akamtazama kwa muda, na mtu mwenye utulivu angeona kwamba mzee yule alikuwa na huruma zaidi kuliko hasira. Lakini nani alikuwa na utulivu pale?

"Hata hujui kilichofutwa," akasema, akatoka. Wenzake wawili wakamfuata.

Ijumaa asubuhi, mlango wa studio haukubishwa. Ulipigwa teke.

"Shikamoo da—" Vicent akaanza.

"Shikamoo yako weka mfukoni! Umemfanyia nini baba yangu?"

Kijana wa watu alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nusu ya chai ikaishia kwenye suruali. "Dada, sijaelewa. Kwani haijatoka vizuri? Ile kazi nimeikesha."

"Umeikesha! Umekesha ukimchimbia baba yangu kaburi! Yale madudu yanayojirudiarudia ni nini?"

"Ile ni rivabu, dada." Vicent akaweka kikombe chini, akafungua kompyuta haraka haraka, maana aliona mwanamke anakitazama kinanda chake vibaya. "Njoo uone. Hii hapa inaitwa plagini, ni programu ndogo unaipachika juu ya sauti. Inaifanya isikike kama iko ndani ya jumba. Unachagua mwenyewe: chumba, ukumbi, pango. Mimi nilimwekea kanisa kubwa kabisa, la sekunde sita. Sauti ya mzee ilikuwa kavu, dada, inakwaruza, anavuta pumzi mpaka inasikika. Nikasema huyu ni mzee wa heshima. Nilitaka asikike kama yuko mbinguni."

"Mbinguni?" Marieta alikaribia kupasuka. "Baba yangu hayuko mbinguni! Yuko Nambis, anakunywa uji!"

Vicent akapangusa suruali yake yenye chai.

"Nani alikuambia sauti yake ni mbaya? Nani alikuambia umvalishe? Mimi mtu akiniletea koti la babu yake nimpunguzie mikono, napunguza mikono, basi! Silishonei mashada ya dhahabu! Na wale wazee? Wale wazee watatu umewapeleka wapi? Ulikuwa na maiki mbili hapa, niliziona kwa macho yangu. Nani alikutuma uwatoe? Sema! Nani alikutuma?"

Mablanketi ya ukutani yakaumeza ule ukelele wote, haukubaki hata kidogo. Vicent akavua kofia yake, jambo ambalo nadhani mama yake tu ndiye aliyewahi kuliona.

"Ni wewe, dada," akasema polepole.

"Nini?"

"Ni wewe uliyeniambia. Siku ile ile, hapo mlangoni uliposimama. Ulisema wakwe wanatoka Songea, ni watu wa maofisini, hawajui mambo yetu, wale wazee wanakohoa na kuvuma kama nyuki, watatuchekesha. Ukasema, wasafishe, abaki baba peke yake, iwe safi kama ya redioni. Nikawafuta. Na ile treki yao, sauti ya maiki yao, nikaiondoa kabisa kwenye kompyuta, nafasi ilikuwa imejaa."

Jamani, kuna hasira na hasira. Ile ya kumwendea mtu mwingine ina utamu wake, inakupa nguvu za miguu, unapanda mlima nayo bila kuchoka. Lakini hasira ikigeuka njiani ikakurudia wewe mwenyewe, hakuna pa kuipeleka. Marieta alikumbuka. Alikumbuka maandazi mkononi, alikumbuka Mzee Tadei, mmoja wa wale watatu, akikohoa ndani, alikumbuka akimfikiria mama yake Nikolausi bwana harusi, yule mkwe wa Songea mwenye miwani ya kamba, akikunja pua. Na neno alilolitumia lilikuwa hilo hilo: wasafishe. Wazee waliombeba mgongoni akiwa mtoto, aliagiza wasafishwe kama matope ya kiatu.

Akakaa kwenye kreti ya soda. Akajipiga paja kwa ngumi, mara moja, mara mbili.

"Mjinga," akasema. "Mjinga mkubwa wewe, Marieta. Mshenzi wa mwisho."

"Dada, nami nina kosa langu," Vicent akasema. "Rivabu hukuniagiza. Wazee walipotoka, kati ya mstari na mstari kukabaki utupu, nikaona aibu kuuacha. Nikaujaza."

"Huo haukuwa utupu. Hiyo ilikuwa nafasi yao."

"Sikujua."

"Utajuaje, mtu wa Kondoa? Mimi ndiye niliyejua, na nikafanya." Akainuka. "Toa. Toa hilo kanisa lako."

Vicent akabonyeza mara moja tu. Hivyo tu! Jumba lote la sekunde sita likatoweka, na ndani ya vile vispika viwili vya mezani akatokea Mzee Bura wa Machi, kavu, anakwaruza, anavuta pumzi kwa shida mwanzoni mwa kila mstari, karibu mpaka unaweza kumgusa bega. Marieta akashika ukingo wa meza.

"Subiri," Vicent akasema. "Kuna kingine. Niliweka programu ya kufunga sauti kila mzee anaponyamaza, kuzuia makelele. Hebu niifungue nayo."

Mstari ukaisha. Na kwa mbali sana, nyuma kabisa, kama watu walio ng'ambo ya shamba la jirani, wakasikika: Gidamis, Tadei na mwenzao, wakivuma. Maiki ya Mzee Bura ilikuwa imewaokota kwa wizi. Walisikika kidogo mno, lakini walikuwepo.

Marieta alisikiliza mistari miwili tu. Wa tatu hakuuweza. Machozi yalikuwa yanakuja, na yeye kulia mbele ya kijana wa kofia ni bora afe.

"Iweke kwenye flashi hivyo hivyo ilivyo," akasema amegeukia mlango. "Usiongeze hata punje ya chumvi. Ukiongeza kitu, Vicent, nitakurudia, na siku hiyo sitapiga mlango."

Alivyotoka pale alipaswa kwenda moja kwa moja kwa Mzee Gidamis, apige hodi, aseme ni mimi. Alijua hivyo. Njia nzima ya Nambis aliyapanga maneno, akayapangua. Alifika mpaka kwenye ua wa Gidamis, akamwona mzee anakata majani ya ng'ombe, akapita. Kesho, akajiambia. Kiburi hicho! Mtu anaweza kumtukana kijana wa watu asubuhi kwa kosa lake mwenyewe, halafu jioni akashindwa kufungua mdomo mbele ya mzee. Usiku huo alishona vifungo vya gauni la bibi harusi, akajidunga sindano mara nne, na kila mara aliona amestahili.

Jumamosi ikafika. Kanisani mambo yalikwenda vizuri, Nikolausi akamvisha Mectilda pete, kwaya ikaimba, watu wakarudi uwanjani kwa Mzee Bura palipofungwa maturubai. Wakwe wa Songea walikaa mbele, mama mwenye miwani ya kamba katikati. Wazee watatu walikaa pembeni kulia, mikono imefungwa kifuani, sahani za pilau miguuni hazijaguswa. Mshereheshaji alikuwa bwana mmoja wa mjini, Herman, suti ya bluu, maspika mawili makubwa kama makabati, na kimashine chake chenye vitufe. Kila akisema "mabibi na mabwana" kilimjibu "bwana, bwana, bwana," naye akafurahi sana.

Marieta akamwendea na flashi.

"Unaona hicho kitufe cha kujirudia?" akamuuliza.

"Ndiyo, dada, hicho ndicho kinachonogesha—"

"Kizime. Ukikigusa baba akiwa anasema, nakukata mkono."

Herman akacheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka, akakizima.

Mectilda na Nikolausi wakapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Mzee Bura. Mzee akasimama, fimbo mkononi, kitambaa cheupe shingoni. Watu wakanyamaza. Sauti ikatoka kwenye maspika, kavu, inakwaruza, na mzee mwenyewe amesimama pale mdomo umefumba. Mstari wa kwanza ukaisha.

Kimya.

Unajua kimya cha watu mia tatu? Mtoto mmoja alikohoa. Vijana walitazamana, nani anaitikia spika? Watu wazima waliwatazama wazee watatu, maana wao ndio wanaoanzisha, na wazee watatu walitazama mbele. Ule mvumo wa mbali ndani ya rekodi haukusikika hata kwa mtu wa pili. Mstari wa pili ukaanza, ukaisha. Kimya tena. Mzee Bura akainamisha kichwa. Mectilda, pale chini kwenye mkeka, mabega yakaanza kutikisika.

"Zima!" Marieta akapaza sauti. "Herman, zima hicho kitu!"

Ikazimwa. Marieta akatoka mbele ya watu wote, wakwe, padri, walimu, wauguzi wenzake Nikolausi waliotoka Katesh, akaenda akasimama mbele ya Mzee Gidamis. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira, na usingejua kama amekuja kuomba au kupigana.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Ni mimi!" akasema kwa nguvu. "Mnanisikia? Si kijana wa studio. Ni mimi niliyesema mtolewe. Niliona aibu. Niliogopa wale pale," akawanyooshea kidole wakwe bila kugeuka, "nikaogopa watawacheka mkivuma na kukohoa. Watu mlionipa maziwa mama yangu alipolala ndani akiumwa! Nikawafuta kama vumbi. Jana nimepita mlangoni kwenu nikaogopa kusema. Sasa nasema. Mkitaka kunichapa nichapeni, fimbo mnazo. Mkitaka faini nitalipa dume la kondoo kesho asubuhi. Lakini baba yangu hajakosa kitu! Mtoto yule hajakosa kitu! Msimnyamazie baba yangu kwa ajili ya ujinga wangu!"

Akapiga magoti, akafanya kishindo kama mtu aliyetupwa chini. Hata kuomba radhi aliomba kwa hasira, ndivyo alivyoumbwa.

Mama mkwe wa Songea alimwinamia mwanawe akauliza kitu, Nikolausi akamnong'oneza. Mama yule akavua miwani yake.

Mzee Gidamis akaisogeza sahani ya pilau kwa mguu. Halafu akasimama, na wenzake wakasimama, wakatoka pale pembeni, wakaenda wakajipanga ubavuni kwa Mzee Bura, kama walivyokuwa siku ile studio.

"Rudisha mwanzo," akamwambia Herman. "Na wewe Marieta, nyanyuka. Njoo usimame hapa karibu na spika. Safari hii hutumwi maandazi."

Sauti ikaanza upya. Mstari wa kwanza ukaisha, na wazee watatu wakaitikia. Mstari wa pili, watu wa upande wa kulia wakaitikia. Wa tatu, vijana wakashika, na wale walimu na wauguzi wa kutoka mbali wakafuata bila kujua wanaitikia nini. Wa nne ulivuma mpaka ukausikia kwenye nyayo. Mzee Bura alikuwa ameinua kichwa. Midomo yake ilikuwa inatembea na maneno yake mwenyewe, na kila watu walipoitikia aligonga fimbo chini. Mvua iliombewa, na mashamba, na Mectilda na mumewe, na watoto watakaowazaa, na mifugo, na wakwe wa mbali na barabara ya kuwarudisha kwao.

Marieta alisimama ubavuni mwa spika, meno ameyauma, anaitikia kuliko wote. Alidhani dua imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Ndani ya rekodi Mzee Bura alivuta pumzi ndefu, ile pumzi mbaya ya Machi ambayo Vicent aliionea aibu. Kisha akasema, taratibu, kila neno peke yake:

"Na huyu mkubwa wangu, mwenye moto, ambaye nimemtuma maandazi ili asisikie. Amelea wa mwenzake, wake hakupata. Nyumba yake ya Endagikot ina cherehani tu inayoongea. Mimi sauti yangu inaondoka wiki hii. Siku atakayoita, asikose wa kumwitikia."

Mstari ukaisha. Nafasi ikabaki wazi.

Marieta akafungua mdomo aitikie kama alivyokuwa akiitikia yote, na hakikutoka kitu. Mtu haitikii baraka yake mwenyewe. Alisimama vile, mdomo wazi, akaelewa alichokuwa ameagiza kisafishwe.

Uwanja mzima ukaitikia. Na chini ya watu wale mia tatu, kwa kuwa alikuwa amesimama pale pale kwenye spika, aliwasikia na wale watatu wa Machi, wadogo, wa mbali, Tadei akikohoa katikati.

Herman, ambaye naye alikuwa na kilio puani, aliona pale ndipo pa kunogesha. Akapeleka kidole kwenye kile kitufe chake cha kujirudia, hapo kando ya spika. Marieta hakugeuza hata kichwa. Machozi yakimtiririka mpaka shingoni, akanyoosha mkono akampiga kofi la mkononi lililosikika mpaka kwa wakwe.